Sevisi kamili ya baiskeli Malindi: ya kufanya nyumbani na ya kumpelekea fundi

Chumvi na mchanga ndivyo vinavyoua baiskeli Malindi. Kilomita zinafuata nyuma. Kusi likishaanza kuvuma mwezi wa Aprili, bahari inachafuka na ule unyunyu wa chumvi unapanda hadi barabara ya Casuarina na Silversand, unatua kwenye cheni, kwenye spoki, ndani ya maganda ya waya za breki. Masika nayo inaleta tope. Anayetoka Ganda au Kakuyuni anaingia mjini na udongo mwekundu mpaka kwenye pedeli. Kaskazi inapokuja, tope limekauka na kuwa vumbi, na vumbi linaingia palepale maji yalipopita.

Kwa hiyo sevisi ya huku kwetu ni kazi ya usafi, grisi na gololi kwanza. Kukaza na kulegeza ni robo tu ya kazi. Nitakaa sana kwenye cheni na habu (kitovu cha gurudumu), na gia nitazipitia mbio mbio, kwa sababu gia zikisumbua mara nyingi kosa liko kwenye waya uliooza au cheni iliyochoka.

Swali la nyumbani au kwa fundi mimi nalijibu hivi: kazi inayotaka subira na usafi ifanye mwenyewe, kazi inayotaka nguvu, mkono uliozoea, au chombo ambacho utakitumia mara moja kwa mwaka mpelekee fundi. Fundi aliye chini ya mwarobaini ana foleni ya watu. Hana nusu saa ya kukuoshea cheni yako punje kwa punje, na hata ukimlipa hatafanya kama wewe. Lakini kota pini iliyoshika kutu, ile inayofunga mguu wa pedeli kwenye ekseli yake, ataitoa kwa pigo moja, na wewe nyumbani utaharibu ekseli ukijaribu.

Kuna wa kumtoa hapa. Mchuuzi wa maji anayebeba mitungi kutwa, au muuza samaki anayewahi soko, siku moja ya baiskeli kukaa imefunguliwa barazani ni siku ya hasara. Huyo afanye usafi na oili tu jioni, mengine yote ayapeleke kwa fundi mchana wakati biashara imepoa.

Pima kabla ya kufungua

Usiguse spana kwanza. Chukua karatasi na kalamu, na dakika kumi.

Inua gurudumu la mbele, lizungushe, tazama nafasi kati ya rimu na mpira wa breki. Rimu ikiyumba kulia na kushoto, andika. Kisha shika rimu kwa vidole na uisukume upande, huku na huku. Ukisikia "tok tok" kwenye kitovu, koni, zile nati zinazobana gololi kwenye ekseli, zimelegea. Ukizungusha taratibu na ukahisi mkwaruzo mkononi, kama kuna mchanga ndani, basi upo kweli. Rudia nyuma.

Shika miguu miwili ya krenki, ile inayobeba pedeli, kila mkono na wake, usukume kuelekea kwenye fremu. Ikicheza miwili kwa pamoja, tatizo liko kwenye gololi za katikati, pale krenki inapopita kwenye fremu. Ikicheza mmoja tu, ni kota pini au bolti ya mguu huo. Hapo watu wengi hukosea na kulipia kufunguliwa katikati nzima bure.

Funga breki ya mbele, sukuma baiskeli mbele na nyuma huku mkono mmoja umeshika pale foki inapoingia kwenye shingo. Ukihisi kugonga, vikombe vya usukani vimelegea. Mwisho, kwenye sproketi ya mbele, vuta cheni kuelekea mbele kwa vidole viwili. Ikinyanyuka hadi nusu ya jino inaonekana, cheni imekwisha.

Karatasi hiyo ndiyo itakayokuambia ukae nyumbani au uende kwa fundi. Pia ndiyo itakayokulinda ukifika kwake.

Vyombo

Usinunue sanduku zima. Kwa Black Mamba, ile baiskeli nzito ya chuma isiyo na gia, ile spana bapa yenye matundu mengi inayouzwa kila duka la spea inafungua karibu nati zote, ukiongeza bisibisi, koleo na spana malaya. Kwa baiskeli ya mtumba yenye gia unahitaji pia funguo za pembe sita, namba 4, 5 na 6, spana ya 15 ya nati za ekseli na pedeli, na spana nyembamba za koni, kawaida 13 hadi 17. Spana ya kawaida ni nene, haiingii pale kwenye koni, na anayeilazimisha huondoa pembe za koni. Nunua hizo nyembamba. Ndizo peke yake ninazosisitiza.

Vya matumizi: mafuta ya taa nusu lita, grisi kopo dogo, oili ya cherehani, brashi ya nguo na miswaki mikuukuu, vitambaa vya pamba, msasa, viraka na solushani. Kopo la maziwa tupu lenye kifuniko ni lazima, utaona kwa nini.

Baiskeli itakaa vipi? Black Mamba igeuze juu chini juu ya gunia, kiti na usukani vikiwa chini, baada ya kutoa kengele. Yenye gia afadhali itundikwe: kamba mbili kwenye boriti ya baraza, moja chini ya kiti na nyingine kwenye usukani, magurudumu yazunguke hewani. Gia ukizirekebisha baiskeli ikiwa kichwa chini, kulia na kushoto vinakuchanganya.

Kuosha

Anza na brashi kavu. Mchanga ukilowa kabla ya kupigwa brashi unaganda na kusukumwa ndani zaidi. Piga brashi foki, chini ya madigadi, pembeni mwa habu, kwenye meno ya friwili, ile sproketi ya nyuma. Kisha maji.

Maji yenyewe ni jambo. Visima vingi vya karibu na ufuo vina maji ya chumvi, na kuosha baiskeli kwa maji hayo ni kuirudishia kile ulichotaka kukiondoa. Tumia maji ya bomba, au ya mvua uliyokinga. Ndoo moja na nusu inatosha ukitumia kitambaa na sabuni kidogo, ndoo nyingine ya kusuuza.

Usiipeleke kule wanakooshea magari kwa mashine. Maji ya kasi yanapenya kwenye habu na katikati ya krenki, yanasukuma grisi nje na kuacha kutu. Inatoka inang'aa, na baada ya mwezi inalia.

Ifute, iache ikauke kivulini penye upepo. Osha asubuhi ili mchana ufanye kazi kavu.

Cheni

Ipime kwanza. Cheni zote za kawaida zina nusu inchi kutoka pini hadi pini, kwa hiyo nafasi 24 ni inchi 12 kamili ikiwa mpya. Chukua rula ya shule, weka sifuri katikati ya pini moja, hesabu hadi pini ya 24 baada ya hiyo. Ikiangukia 12, nzuri. Ikivuka kwa milimita moja na nusu, yenye gia ibadilishe. Ikivuka kwa milimita tatu, imeshakula friwili pia, na ukiweka cheni mpya peke yake itaruka ukipanda mlima. Black Mamba isiyo na gia inavumilia zaidi, ila tazama meno: yakiwa yamechongoka na kulalia upande mmoja, zamu yake imefika.

Ukienda kununua, taja upana. Isiyo na gia huvaa cheni ya inchi 1/8, yenye gia huvaa nyembamba ya 3/32 au chini ya hapo. Njia rahisi ni kubeba ile ya zamani.

Sasa kuosha. Cheni ya Black Mamba ina kiungo chenye klipu: sukuma klipu kwa ncha ya bisibisi, inateleza na kutoka. Kumbuka ilivyokuwa imekaa, maana wakati wa kurudisha, upande wake uliofungika lazima utangulie cheni inakokwenda. Ukiweka mwanya mbele, kijiti au uzi wa gunia utaifyatua njiani.

Tia cheni kwenye kopo la maziwa, mimina mafuta ya taa yaifunike, funga kifuniko, tikisa. Yataondoka meusi. Mimina kwenye chupa, tia mengine, tikisa tena. Endelea mpaka ukiikunja cheni karibu na sikio husikii tena ule mkwaruzo mdogo wa punje. Mafuta machafu usiyamwage chini, hasa penye kisima. Yaache kwenye chupa usiku kucha: asubuhi mchanga umetuama chini kama nusu kidole, na juu kuna mafuta safi ya kutumia tena. Ukiuona ule mchanga utaelewa sproketi zako zilikuwa zinaliwa na nini. Na kazi hii ifanye mbali na jiko.

Yenye gia ambayo huna chombo cha kuitolea cheni iache mahali pake. Shika cheni ndani ya kitambaa chenye mafuta ya taa, zungusha pedeli kinyumenyume, kisha mswaki kati ya vyuma.

Ikikauka kabisa, oili. Tone moja kwa kila rola, upande wa ndani, ule unaogusa meno. Zungusha kwa dakika mbili, iache robo saa, halafu futa nje yote mpaka kitambaa kitoke karibu kikavu. Watu wengi huishia kwenye kutia. Oili inayobaki nje ya cheni haisaidii kitu, kazi yake ni kukusanya mchanga.

Kuna mazoea mawili ya hapa ningependa yaishe. La kwanza ni oili chafu ya gari, ile nyeusi ya bure kutoka gereji. Imebeba vumbi la chuma la injini, na ni nzito, mchanga unaipenda. La pili ni mafuta ya kupikia: siku mbili za kwanza yanateleza, baadaye yanaganda na kuwa gundi. Oili ya cherehani ni nyepesi na inakwisha haraka, lakini kwa mchanga wetu afadhali kutia kidogo kila wiki kuliko nzito kila mwezi.

Ukirudisha cheni isiyo na gia, vuta gurudumu nyuma mpaka katikati ya cheni icheze sentimita moja hadi mbili juu na chini. Zungusha pedeli mzunguko mzima, kwa sababu sproketi nyingi si duara kamili na kuna mahali patakaza. Pima hapo panapokaza zaidi. Kaza nati za ekseli kwa zamu, kidogo kulia, kidogo kushoto, huku rimu iko katikati ya fremu.

Habu na gololi

Hii ndiyo kazi watu wanayoiogopa bila sababu, na ndiyo yenye faida kuliko zote. Anza na gurudumu la mbele.

Litoe, lilaze juu ya kitambaa cheupe kikubwa. Cheupe, kwa sababu gololi ikidondoka kwenye mkeka huioni tena. Shika koni ya upande mmoja kwa spana nyembamba, na nati ya kufungia ya upande huohuo kwa spana nyingine, fungua nati, kisha washa (kile kipete bapa), kisha koni. Panga vitu kwenye kitambaa kwa mfuatano vilivyotoka. Upande wa pili usiuguse, ili urefu wa ekseli ubaki ulivyokuwa.

Vuta ekseli taratibu, huku kiganja kikiwa chini. Habu nyingi za mbele zina gololi 10 kila upande, za nyuma 9 kubwa zaidi, lakini usiniamini mimi, hesabu zako wakati zinatoka. Ikikosekana moja, itafute sasa.

Osha kila kitu kwa mafuta ya taa, ukaushe, upeleke penye mwanga. Gololi nzuri inang'aa kama kioo. Iliyofifia au yenye doa la kutu tupa, na ukitupa moja badilisha zote za upande huo, maana mpya na kuukuu hazilingani ukubwa. Koni itazame pale gololi zinapopita. Mstari laini unaong'aa ni wa kawaida. Ukiona vishimo, hata kimoja, pitisha ukucha. Ukucha ukinasa, koni hiyo imekwisha. Habari njema ni kwamba koni huuzwa peke yake. Vikombe vilivyo ndani ya habu vikiwa na vishimo, hapo ni habu mpya, na kusuka gurudumu upya ni kazi ya fundi.

Jaza grisi kwenye kikombe, pachika gololi moja moja, grisi itazishika. Funika kwa grisi nyingine juu. Usiibanie: grisi ndiyo inayozuia maji ya chumvi kuingia. Rudisha ekseli, koni, washa, nati.

Kurekebisha ndiko kwenye ufundi. Kaza koni kwa vidole mpaka iguse, irudishe nyuma kidogo sana, robo ya robo ya mzunguko, ishikilie hapo kwa spana nyembamba na ukaze nati juu yake. Sasa shika ekseli kwa vidole na uizungushe. Izunguke laini, bila kukwaruza, na isicheze hata kidogo ukiisukuma upande. Ukikaza nati, koni husogea kidogo, kwa hiyo mara ya kwanza haitakaa sawa, wala ya pili. Rudia.

Jaribio ninaloliamini: rudisha gurudumu kwenye foki, lisimamishe valvu ikiwa pembeni, uliachie. Valvu ina uzito kidogo. Habu ikiwa sawa, valvu itashuka yenyewe hadi chini, itapita, itarudi, itapembea mpaka itulie. Gurudumu likibaki lilipo, koni zimekaza mno.

La nyuma ni kazi ileile, ila friwili imefunika upande wa kulia. Unaweza kuvuta ekseli kutoka kushoto na kufikia gololi za kulia kwa kidole na kijiti. Nashauri ufanye hivyo baada ya kuzoea la mbele. Kutoa friwili yenyewe kunataka chombo chake na nguvu za watu wawili. Hiyo mpelekee fundi. Nyumbani itie friwili matone machache ya oili nyepesi pale inapozunguka, ukiwa umelaza gurudumu, basi.

Rimu na spoki

Rimu ikiyumba milimita tatu au nne, unaweza. Zaidi ya hapo, au ikiwa inapanda na kushuka, fundi.

Kwanza bana spoki mbili mbili kwa vidole kuzunguka gurudumu lote. Iliyolegea utaijua, na mara nyingi hiyo peke yake ndiyo kosa. Nati za spoki zilizoshika kutu zitie tone la oili jioni, uzifikie kesho; ukilazimisha leo utavunja spoki. Rimu ikienda kushoto, kaza spoki zinazotoka upande wa kulia wa habu mahali hapo, na ulegeze za kushoto. Robo mzunguko tu, kisha zungusha utazame. Ukiitazama nati kutoka upande wa tairi, kukaza ni kuelekea mshale wa saa. Ukiwa unaitazama kutoka kwenye habu ni kinyume, na hapo ndipo vurugu huanzia.

Breki

Black Mamba ina breki za fito za chuma ambazo hubana rimu kwa ndani. Kagua kila kiungo cha fito, tia tone la oili, na utumie nati ndogo za fito kusogeza mpira hadi karibu na rimu. Rimu za chuma zikilowa hushika vibaya mno, hilo halina dawa ya spana. Siku ya mvua anza kubana mapema.

Za waya: toa mpira wa breki, utazame uso wake. Utakuta punje za mchanga na vipande vya rimu vimezama. Vichokoe kwa sindano, kisha pitisha msasa mpaka uso uwe mweusi mmoja. Mpira uliofika kwenye mistari yake ya chini ubadilishe. Ukirudisha, uso wote uguse rimu bila kupanda kwenye tairi wala kushuka, na ncha ya mbele itangulie kugusa kwa nywele moja, hiyo inaondoa mlio. Acha milimita moja hadi mbili kila upande.

Waya ndio unaooza hapa mjini. Ufungue upande mmoja, uvute kwa mkono ndani ya ganda lake. Ukikwama, badilisha waya na ganda kwa pamoja. Waya mpya ndani ya ganda lenye kutu ni pesa ya kutupa. Tia oili kabla ya kupitisha. Breki za diski usizitie oili wala usizishike kwa kidole chenye grisi, na zikilia baada ya hapo mtafute fundi anayezijua.

Gia

Parafujo mbili kwenye mkono wa gia wa nyuma, zilizoandikwa H na L, kazi yake ni kuzuia tu: H isianguke nje upande wa gia ndogo, L isiingie kwenye spoki upande wa gia kubwa. Ukishaziweka, ziache. Cheni ikisita kupanda gia kubwa, shika kile kipipa kidogo ambamo waya unaingia kwenye mkono wa gia, kizungushe kuelekea nje, nusu mzunguko kwa mara, waya ukaze. Ikisita kushuka, kizungushe ndani. Ukiona mkono wenyewe umeinama kuelekea spoki, baiskeli ilianguka. Kuunyoosha ni kazi ya fundi.

Tairi

Soma ubavuni. Za mlima za inchi 26 nyingi zimeandikwa PSI 40 hadi 65. Ukienda Mambrui au Watamu kwa lami na mzigo, karibia ile ya juu. Njia za mchanga, ya chini. Chunguza tairi kwa kitambaa kwa ndani, mwiba wa mgunga utanasa nyuzi kabla ya kunasa kidole chako. Valvu za Black Mamba za aina ya zamani zina kimpira chembamba ambacho joto hukiozesha. Upepo ukipungua polepole na huoni tundu, badilisha kimpira hicho kwanza kabla ya kulaumu tyubu.

Kiti na usukani

Toa nguzo ya kiti yote, futa, paka grisi, rudisha. Alumini ikikaa ndani ya fremu ya chuma na maji ya chumvi katikati, metali hizo mbili hulana, unga mweupe huvimba, na baada ya mwaka mmoja au miwili nguzo haitoki hata kwa nyundo. Fanya hivyo kila miezi mitatu. Bomba la usukani vivyo hivyo. Urefu wa kiti: kisigino kwenye pedeli iliyo chini kabisa, goti linyooke.

Pedeli zitoe na kuzipaka grisi kwenye meno ya parafujo. Ya kushoto hufunguka kwa kuelekea mshale wa saa, kinyume na nati zote ulizozizoea.

Kwa fundi

Mpelekee kota pini, gololi za katikati, friwili, rimu iliyopinda sana, mkono wa gia ulioinama na kitu chochote kilichogoma kufunguka. Vikombe vya usukani unaweza mwenyewe ukishazijua koni, lakini akiwa amefungua foki kwa sababu nyingine mwambie atie grisi.

Nenda na baiskeli safi. Fundi akipokea baiskeli safi anaiona kasoro mara moja, na anajua mwenyewe anafuatilia. Nenda na ile karatasi. Mazungumzo yawe mafupi:

"Salama mzee? Mguu wa kushoto unacheza, wa kulia umeshika."
"Basi ni pini hiyo. Katikati iache."
"Pini nimekuja nayo. Utanifanyia bei gani, kuitoa na kuitia?"

Bei inapatanwa kabla ya spana kuguswa, na kwa kazi, si kwa saa. Spea nunua mwenyewe ukiweza, na ile ya zamani uiombe urudi nayo. Kaa hapo utazame. Akipiga pini bila kuweka kigogo au bomba chini ya mguu wa krenki kuupa mhimili, mwombe aweke, kwani nguvu yote ya nyundo inaingia kwenye gololi. Pini mbili huingia kwa kupishana. Zikiingia upande mmoja, miguu ya krenki haikai mstari mmoja na utahisi unachechemea ukipiga pedeli.

Asijaze oili chafu kwenye cheni yako kama zawadi ya kukuaga. Wengi hufanya hivyo kwa ukarimu. Mwambie mapema.

Baada ya hapo

Zunguka mtaani bila mzigo, funga breki kwa nguvu mara kadhaa, badilisha gia zote, simama juu ya pedeli. Baada ya wiki moja rudi na spana: waya mpya huwa zimenyooka, spoki zimetulia, kota pini mpya imekaa na nati yake imelegea. Kaza. Cheni ifutwe na kutiwa oili kila wiki, na siku yoyote ulipopita ufuoni isuuzwe kwa maji ya bomba jioni hiyohiyo, isilale na chumvi. Habu zifunguliwe mara moja kwa mwaka, masika ikishakwisha, mwezi wa Julai hivi. Anayevuka matope ya bonde la Sabaki afungue mara mbili.